Kumwita koyote: filimbi ya mdomo au spika ya rimoti, na mlio upi kwa msimu upi

Rafu ya vifaa vya kuitia koyote katika duka la uwindaji la Marekani inachanganya. Kuna vifilimbi vya dola 10, kuna spika za rimoti zinazofika dola 700, na katikati yake kuna vitu vya mpira, vya mbao na vya pembe ya ng'ombe, na muuzaji atakuapia kwamba kila kimoja kinaleta mnyama. Ulinganisho huu ni kwa wenzetu mliohamia huku, hasa mnaoishi pembezoni mwa miji ya Texas, Kansas, Iowa au Idaho, ambao ama mmeanza kwenda porini na wafanyakazi wenzenu, ama mmepata ekari chache na mbuzi wenu wanapungua usiku.

Nitaanza na vifaa kwa sababu ndivyo watu wanavyouliza, kisha nije kwenye milio, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua. Mwenye filimbi ya dola 15 anayejua mwezi huu koyote anataka kusikia nini, atampita mwenye mashine ya dola 600 anayepiga mlio wa sungura mwaka mzima.

Kwa asiyemjua, koyote ni jamaa wa bweha wetu, ila mkubwa zaidi: kilo 9 hadi 20 hivi, na wa mashariki mwa Marekani ni wazito kuliko wa jangwani. Zamani alikuwa mnyama wa nyanda na majangwa ya magharibi. Leo yuko katika kila jimbo isipokuwa Hawaii, na hata katikati ya Chicago na Los Angeles anapita usiku. Anakuja kwenye sauti kwa sababu chache tu: njaa, wivu wa eneo lake, mambo ya ndoa na watoto, na udadisi. Kifaa chochote utakachonunua kinabonyeza mojawapo ya hizo. Hakuna mlio wa kichawi.

Filimbi: ulimi uliofungwa au ulimi wazi

Filimbi ya ulimi uliofungwa ndiyo rahisi kuliko zote. Ulimi wenyewe, yaani kile kipande chembamba cha chuma au plastiki kinachotetemeka, umefichwa ndani ya bomba. Unapuliza, inalia kama sungura aliyekamatwa, basi. Mtoto wa shule ataitumia vizuri ndani ya dakika tano. Ubaya wake ni huohuo urahisi: ina sauti moja. Unaweza kuikunja kidogo kwa kufungua na kufumba kiganja mbele ya bomba, lakini huwezi kuifanya iwe panya, wala huwezi kuvuta nayo mlio mrefu wa koyote. Tena asubuhi ya baridi kali mate yanaganda ndani, na kwa kuwa ulimi umefungiwa huko, huna la kufanya mpaka uitie kifuani ipate joto.

Filimbi ya ulimi wazi ni kitu kingine kabisa. Hapa ukanda wa plastiki umelala juu ya ubao mdogo uliopinda, na ncha yake inaingia kinywani mwako. Sauti unaitafuta kwa midomo. Ukibana karibu na ncha unapata sauti nyembamba ya panya au ndege. Ukiingiza hadi katikati unapata sungura. Ukiingiza karibu wote na kupuliza kutoka tumboni, inatoka sauti nzito, ya mtoto wa kulungu au ya koyote mwenyewe. Ikiganda au ikijaa mate unaitoa, unapitisha noti ya dola chini ya ulimi wa filimbi, unaendelea. Kifaa kimoja cha dola 15 hadi 40 kinakupa karibu milio yote unayohitaji kwa mwaka mzima.

Gharama yake ni mazoezi. Siku za kwanza utatoa sauti kama bata aliyekanyagwa na pikipiki, na ni kawaida. Fanyia mazoezi ndani ya gari, si kwenye ghorofa: jirani akisikia kilio cha mnyama anayekufa saa mbili usiku, polisi watakuja kabla ya koyote. Kosa la wengi si kupuliza vibaya, ni kupuliza bila uchungu. Mnyama aliyeshikwa halii kwa mapigo sawasawa kama kengele ya shule. Anapiga kelele, sauti inakatika, anavuta pumzi, anapandisha tena, anachoka. Ukisikiliza kuku anavyolia akiwa mkononi mwa mchinjaji utaelewa mpangilio huo bila kufundishwa.

Kipo pia kifaa cha tatu cha mdomo, utando wa mpira uliokazwa kwenye fremu ya nusu mwezi, unaobandikwa juu ya kaakaa na kuchezewa kwa ulimi wako mwenyewe. Wawindaji wa bata mzinga wanautumia miaka mingi. Uzuri wake ni kwamba mikono yote miwili inabaki kwenye bunduki, na kwa milio mirefu ya koyote pamoja na vilio vya watoto wake ni mtamu sana. Lakini ukiwa mtu wa kutapika haraka mswaki ukigusa nyuma, usijitese.

Na kuna kile kisichouzwa: mgongo wa mkono wako. Lowesha midomo, ibandike kwenye ngozi, fyonza kwa nguvu. Unatoka mlio wa panya. Koyote akiwa ameshafika mita 60 na amesita nyuma ya kichaka, mlio huo mdogo unamtoa kuliko kelele yoyote. Wengine hununua kipira cha kubonyeza na kukibandika kwenye kitako cha bunduki kwa kazi hiyohiyo. Mkono wako ni bure.

Spika ya rimoti

Kucheza sauti zilizorekodiwa si jambo la jana. Katika miaka ya 1960, Johnny Stewart wa Waco, Texas, alikuwa akirekodi vilio halisi vya wanyama na kuwauzia wawindaji kwenye santuri, na kina Burnham wa Marble Falls, jimbo hilohilo, wakiuza vifaa vyao vya kuitia. Kutoka santuri ikaja kaseti, kutoka kaseti tukafika kwenye mashine za leo za kampuni kama FOXPRO ya Pennsylvania, ICOtec na Lucky Duck: spika yenye mamia ya milio, rimoti mkononi, na mara nyingi chambo cha manyoya kinachozungukazunguka juu yake kama mnyama mdogo anayetapatapa.

Faida kubwa ya mashine haiko kwenye idadi ya milio, ingawa ndiyo inayopigiwa debe kwenye boksi. Iko mahali pa kuiweka. Koyote ana masikio ya kupima: akisikia sauti kutoka mita 400 anajua karibu kabisa imetoka kichaka kipi. Ukipuliza filimbi, kichaka hicho ni wewe. Macho yake yote mawili yanakuja yakikutazama, nawe ndiye unayepaswa kuinua bunduki. Ukiwa na spika umeiacha mita 30 au 40 mbele yako, anakodolea spika, na wewe uko pembeni.

Hapo ndipo upepo unapoingia, na hapa naomba usome polepole kwa sababu wengi wanaharibu kikao, yaani ule muda wa kukaa mahali pamoja ukiita, kwa jambo hili moja. Koyote mzoefu haji moja kwa moja. Anazunguka mpaka upande ule upepo unakoelekea, apate harufu ya kilicholia, ndipo asogee. Sasa chukulia upepo unavuma kutoka kushoto kwako kwenda kulia. Weka spika kushoto, upande upepo unakotoka, nawe kaa kulia kwake. Koyote akitafuta harufu ya spika atakatiza katikati yenu, mahali pa wazi, kabla hajafikia ukanda wa harufu yako unaokwenda kulia. Ukiiweka spika kulia kwako, atazunguka kulia zaidi, atakunusa, ataingia mitini, na utarudi nyumbani ukisema eneo lile halina koyote.

Kwa filimbi ya mdomo huwezi kucheza mchezo huo ukiwa peke yako. Unachoweza ni kukaa mahali ambapo upande wenye harufu yako uko wazi na unaonekana mbali, au kuwe na kizuizi kama mto au uzio mrefu ambao koyote hatapenda kuuvuka. Mkiwa wawili, mwenye filimbi anakaa nyuma na mwenye bunduki anakaa upande upepo unakoelekea. Hiyo ndiyo mashine ya maskini, na inafanya kazi vizuri mno.

| | Ulimi uliofungwa | Ulimi wazi | Utando wa kaakaani | Spika ya rimoti |
|---|---|---|---|---|
| Bei ya kawaida | dola 10–25 | dola 15–40 | dola 8–15 | dola 100–700 na zaidi |
| Kujifunza | siku hiyohiyo | wiki kadhaa | wiki kadhaa, wengine hawawezi | rahisi. Ugumu ni kuchagua mlio |
| Milio | mmoja | karibu yote | ya koyote na watoto wake hasa | mamia |
| Mikono | mmoja unashikwa | mmoja, au uibane kwa meno | yote huru | yote huru baada ya kubonyeza |
| Baridi kali | inaganda | inaganda, inasafishika | haigandi | betri zinaisha haraka |

Mashine ina madhaifu ambayo mwenye duka hatayataja. Uzito ni mmoja. Ukitembea kilomita moja gizani na bunduki, kiti, chambo na spika, utaukumbuka wepesi wa filimbi shingoni. Betri ni la pili. La tatu ndilo kubwa: rekodi ile iliyokuja ndani ya boksi lako ndiyo iliyokuja ndani ya boksi la kila mtu wilayani. Koyote aliyeponea risasi mwezi uliopita akisikiliza sungura nambari moja wa kampuni fulani, akiisikia tena anakaa juu ya kilima na kutazama. Filimbi ya mdomo haijirudii. Hata ukitaka upulize vilevile mara mbili, hutaweza, na hiyo ni nguvu yake.

Kwa hiyo kwenye eneo linalowindwa sana, karibu na miji mikubwa na kwenye ardhi ya umma, mimi naegemea filimbi. Kwenye ranchi ya mtu binafsi ambako hakuna aliyeita msimu mzima, mashine inakupa mazao ya haraka zaidi. Walio bora ninaowafahamu wanabeba vyote viwili: mashine inapiga sungura, mdomo unapiga koyote.

Milio: mawindo au koyote mwenyewe

Sasa tuje kwenye kiini. Milio yote inagawanyika mafungu mawili: ya mawindo yanayoteseka, na ya koyote wanaozungumza. Wanaoanza hukaa fungu la kwanza miaka na miaka. Fungu la pili linaogopesha kwa sababu mtu anahisi anaongea lugha asiyoijua, na ni kweli. Mtafiti Philip Lehner, mwaka 1978, alitofautisha milio 11 ya koyote. Wewe unahitaji minne.

Anza na mawindo. Sungura mdogo wa mkia mweupe ana kilio chembamba, cha juu. Yule mkubwa wa nyikani mwenye masikio marefu ana kilio kizito cha mikwaruzo kinachokwenda mbali zaidi. Kwenye nyanda za Texas magharibi, New Mexico na Nevada, ambako upepo haukosi na nchi iko wazi, yule mkubwa ndiye chaguo. Kwenye misitu ya Pennsylvania au Ohio, yule mdogo anatosha kwa sababu koyote yuko karibu kuliko unavyodhani. Je, koyote wa mashariki ambaye hajawahi kumwona sungura wa nyikani atakuja akisikia kilio chake? Atakuja. Njaa haiulizi kitambulisho.

Milio ya ndege, hasa kigogota anayelia kwa uchungu, inadharauliwa bila sababu. Ni mikali, inapenya upepo, na kwa kuwa wachache wanaipiga, koyote aliyechoshwa na sungura bado anaigeukia. Ningekuwa na nafasi ya milio miwili tu ya mawindo, ningechukua sungura na kigogota, nikaacha mingine yote mamia dukani.

Panya ni wa kumalizia, au wa kuanzia. Ukifika mahali papya, anza na sauti ndogo ya panya dakika mbili tatu, kwa sababu huenda koyote amelala mita 80 kutoka ulipokaa. Ukimfungulia kilio kikubwa cha ghafla atakimbia. Panda taratibu. Hili ndilo kosa la wenye mashine mpya: kubonyeza sauti hadi mwisho dakika ya kwanza ili kupata thamani ya pesa.

Fungu la pili, milio minne ya koyote. Wa kwanza ni mlio mrefu wa mmoja, unaopanda taratibu, ukakaa, ukashuka. Hauna ugomvi, ni kama kusema nipo hapa, kuna nani? Huo ndio mlio salama kuliko yote kwa mgeni, na unafaa hata kama ungekuwa na filimbi ya ulimi wazi tu. Wa pili ni wa jike anayetafuta mwenzi, mwembamba zaidi, wenye vikwaruzo na milio midogo mwishoni. Wa tatu ni wa changamoto: kubweka kunakokatika na kuishia kwenye mlio mfupi mkali. Unamwambia mwenye eneo kwamba umeingia kwake na hutoki. Wa nne ni kilio cha mtoto wa koyote aliyeumia, ule wa kai-kai-kai wa mbwa aliyekanyagwa mguu.

Kwa sikio la mwanadamu kundi la koyote linadanganya. Wawili wakilia pamoja, kwa jinsi wanavyobadilisha sauti haraka, unaweza kuapa wako wanane. Usihesabu kwa masikio.

Mwezi kwa mwezi, kipi dhidi ya kipi

Septemba hadi Novemba, mawindo yanashinda. Vijana waliozaliwa masika wanaachana na wazazi wao, hawana eneo, hawana uzoefu, wana njaa. Sungura, kigogota, panya, chochote. Mlio wa changamoto hapa ni hasara tupu: kijana wa miezi sita akisikia dume anabweka kwa hasira anatafuta njia ya kuondoka. Huu ndio msimu wa mgeni na filimbi yake ya ulimi uliofungwa, na anayeanza Oktoba atapenda mchezo kuliko anayeanza Februari.

Desemba mambo yanabadilika. Wajinga wameshakufa, waliobaki wamesikia kila aina ya sungura. Lakini baridi na theluji vinaongeza njaa, kwa hiyo mawindo bado yanaita ukiongeza kitu kipya. Hapa naanza kikao kwa mlio mrefu mmoja wa koyote, nanyamaza dakika tano nzima, ndipo sungura. Ule wa kwanza unampa anayesikia hadithi yenye maana: kuna mgeni, na mgeni amekamata kitu.

Januari hadi mapema Machi ni msimu wa ndoa, na hapa milio ya koyote inashinda waziwazi. Dume anayetembea kutafuta jike atapita sungura watatu bila kugeuka. Jike anayeita, kisha kimya kirefu. Ukimya ndio ugumu. Kwenye sungura koyote huja mbio, mara nyingi ndani ya dakika kumi. Kwenye mlio wa jike anaweza kuja kwa mwendo wa kutembea, akisimama kila kilima, na kikao cha dakika 15 kinakuwa kifupi mno. Kaa nusu saa. Changamoto nayo inafaa sasa, ila iwe mwisho wa kikao na uwe na uhakika uko ndani ya eneo la jozi yenye makao. Aliye mpakani hana cha kulinda.

Kuanzia Aprili watoto wanazaliwa, baada ya mimba ya siku 63 hivi, na wazazi wanafungwa na pango. Kilio cha mtoto wa koyote kipindi hiki kinaleta wazazi wote wawili, wakati mwingine kwa kasi ya kutisha, na Mei hadi Juni kilio cha mtoto wa kulungu kinafanya kazi kwa sababu ndicho chakula wanachotafuta. Hata hivyo mimi kwa starehe siwindi miezi hiyo. Ngozi ya kiangazi haina thamani, na ukimwua mama, wanaobaki pangoni wanakufa kwa njaa. Aliyepoteza mbuzi ana hesabu nyingine: wazazi wenye watoto wa kulisha ndio wanaoua mifugo kwa wingi wakati huo, na kuondoa jozi moja iliyozoea zizi lako kuna maana kuliko kuua kumi wasiokujua. Bado ningeanza na uzio mzuri na mbwa mlinzi, ndipo bunduki.

Kuna mlio mmoja usiolingana na msimu. Koyote akikaa mbali na kubweka kwa vipindi, akikatiza na milio mifupi, huyo hajibu wito wako. Amekushtukia, na anawaambia wengine. Kusanya vitu vyako, nenda kilima kingine.

Kikao kimoja, kwa mdomo na kwa mashine

Kwa mdomo: puliza nusu dakika, nyamaza dakika moja au mbili, rudia. Mapumziko hayo ni ya macho yako zaidi ya mapafu, kwa sababu koyote anayekuja husogea unapokuwa kimya na ndipo umwone. Kwa mashine wengi huacha mlio uendelee mfululizo dakika kadhaa, kisha wanabadilisha. Hilo linafaa kwani sauti haitoki kwako. Dakika 15 hadi 20 zinatosha kwa mawindo. Dakika tatu za mwisho piga kilio cha mtoto wa koyote, mwaka mzima. Wale waliokuja nusu ya njia wakasita, hicho huwanyanyua.

Akija mbio na unataka asimame, bweka mara moja kwa mdomo wako mwenyewe: "Wou!" Atasimama sekunde mbili tatu. Na ukipiga risasi usinyanyuke. Piga hapohapo kile kilio cha kai-kai. Mara nyingi mwenzake yuko nyuma yake kichakani na anaweza kurudi.

Karatasi, kabla ya sauti

Sheria ni za jimbo, na zinatofautiana sana. Texas haina msimu wa kufungwa kwa koyote. New York ina msimu wa Oktoba hadi mwishoni mwa Machi. Kutumia spika, kuwinda usiku, taa, aina ya bunduki, yote haya ulizia idara ya wanyamapori ya jimbo lako kabla ya kununua mashine. California ilipiga marufuku mashindano ya kuua koyote kwa zawadi mwaka 2014, na majimbo mengine yamefuata, kwa hiyo ukialikwa kwenye shindano uliza mara mbili. Mashine hiyo pia usiitumie kwa bata wala njiwa pori. Sheria ya shirikisho inakataza sauti zilizorekodiwa kwa ndege wahamao, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa.

Kwetu wageni kuna la ziada. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au kazi, kwa sheria ya shirikisho hatakiwi kumiliki wala kushika bunduki au risasi, ila kuna misamaha, mmojawapo ukiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye ukaazi wa kudumu hana zuio hilo la viza. Usikubali rafiki akuambie "shika tu, tuko ranchi yangu." Texas pia inadai mafunzo ya uwindaji kwa yeyote aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye. Na ruhusa ya mwenye ardhi omba mchana, ana kwa ana, ukimweleza gari lako litasimama wapi. Mzungu wa ranchi akisikia vilio vya koyote gizani karibu na ng'ombe wake naye atatoka na bunduki.

Jambo la mwisho kwenye sheria ni macho. Sauti unazopiga haziiti koyote peke yake. Bundi wakubwa hushuka hadi kofia yako ikatikisika, na wanalindwa. Mbwa wa kufugwa huja. Simba wa milimani (puma) huja kimya kutoka nyuma. Mashariki mwa North Carolina wapo mbwa mwitu wekundu, mnyama aliye hatarini kabisa kutoweka na anayefanana na koyote kiasi cha kumchanganya mtu mzima, na kule kuwinda koyote kuna masharti makali. Arizona na New Mexico kuna mbwa mwitu wa Meksiko. Ukiwa na shaka kidole kikae nje ya kifyatulio.

Ninunue nini basi?

Una dola 30 na hujawahi kuita: ulimi uliofungwa mmoja wa bei ndogo kwa Oktoba hii, na ulimi wazi mmoja wa kujifunzia garini mpaka Januari. Usinunue mashine kwanza; itakunyima kujifunza mnyama anavyoitikia, kwa sababu kila kikao kikishindwa utabadilisha mlio badala ya kubadilisha mahali ulipokaa.

Unalinda mbuzi na huna muda wa mazoezi: mashine ya dola 100 hadi 150 yenye rimoti inayofika mita 80 inatosha, mradi unaweza kubadilisha sauti kwa hatua ndogondogo na ina kilio cha mtoto wa koyote, mlio mrefu wa mmoja, sungura na kigogota. Zile za dola 600 zinalipia umbali wa rimoti, spika kubwa zaidi na uwezo wa kuongeza rekodi zako mwenyewe. Kwenye nyanda za wazi zenye upepo spika kubwa ina maana. Kwenye ekari kumi zenye miti hutaisikia tofauti, wala koyote.

Unawinda ardhi ya umma inayokanyagwa na kila mtu: ulimi wazi, utando ukiuweza, na miguu. Ingia mbali kuliko wengine, kilomita moja au mbili kutoka barabarani, ufike kabla hakujapambazuka, ukae kimya dakika kumi bila kupiga chochote, halafu uanze na panya.